Mlima Umevaa Nini Leo?

Sogeeni karibu. Aliyekalia mguu wa mwenzake ainuke, maana safari ya leo ni ya kupanda.

Juu kabisa, pale migomba inapoishia na msitu unapoanzia, kuna nyumba ya bati jekundu. Humo anakaa Aikaruwa.

Jina ni refu, mwenyewe ni mfupi. Kwa hiyo wanamwita Aika.

Aika anakaa na Baba, na Mama, na Bibi. Bibi ni mama yake Baba.

Nyuma ya nyumba kuna Mlima. Una jina lake kwenye ramani, lakini nyumbani kwa Aika wanauita Mlima tu, kama mtu wa ukoo.

Kichwani kwa Mlima kuna theluji. Ni nyeupe, ni baridi, na inakaa mbali.

Macho ya Bibi yameingia ukungu. Anaona mwanga, anaona kivuli, lakini Mlima hauoni tena.

Kwa hiyo kila asubuhi Bibi hukaa mlangoni kwenye kigoda chake. Hushika kikombe cha chai kwa mikono miwili, halafu huuliza:

"Aika, mjukuu wangu. Mlima umevaa nini leo?"

Aika huzunguka nyuma ya nyumba, hutazama juu, kisha hurudi mbio.

"Umevaa kofia nyeupe, Bibi."

Au siku nyingine: "Umejifunika mawingu, Bibi. Hautaki kuonwa."

"Una aibu huo," husema Bibi, na hunywa chai yake.

Sasa sikilizeni. Mwaka huu mvua za masika zilinyesha, zikanyesha, zikanyesha. Mlima ukajificha siku nyingi, mpaka watu wakausahau.

Asubuhi moja mawingu yakafunguka. Aika akatazama juu, akasahau kufunga mdomo.

"Aika, mjukuu wangu. Mlima umevaa nini leo?"

"Bibi, leo haujavaa kofia. Umevaa shuka. Shuka jeupe mpaka kwenye vifundo vya miguu."

Bibi akaweka kikombe chini. "Mpaka vifundoni?"

"Mpaka vifundoni, Bibi."

Bibi akasema, "Nilipokuwa mdogo kama wewe, theluji ilishuka hivyohivyo. Nikamwambia mama yangu, nataka kwenda kuishika."

"Akasemaje?"

"Akasema, mwaka ujao."

"Na mwaka ujao ulipofika?"

"Haikushuka," alisema Bibi. "Haikushuka tena mpaka leo."

Mimi huyu Mwaka Ujao simwamini hata kidogo. Anaahidi sana, na haji.

Aika naye hakumwamini. Alimshika Bibi goti akasema, "Nitakwenda mimi. Nitakuletea theluji uishike."

"Basi nenda," alisema Bibi. "Mimi nipo hapahapa. Sina pa kwenda."

Baba yake Aika huongoza wageni Mlimani. Anayajua mawe ya huko kama unavyowajua kuku wa kwenu.

"Kuna jiwe kubwa lenye pembe mbili," alisema Baba. "Linaitwa Jiwe la Mbuzi. Liko magotini pa Mlima, na leo theluji imelifunika lote. Hapo mtoto anafika."

"Twende sasa hivi, Baba."

"Jumamosi," alisema Baba. "Jumamosi sina kazi. Mpango ndio huo."

Jumamosi ilikuwa mbali. Aika akaenda nyuma ya nyumba, akauimbia Mlima kwa sauti ndogo:

*Theluji, theluji, ningoje kidogo.*
*Naja kwa miguu, nayo ni midogo.*

Kesho yake jua likatoka. Likatoka kali, kama limetumwa.

"Aika, mjukuu wangu. Mlima umevaa nini leo?"

Aika akatazama, akatazama tena.

"Umevaa shuka, Bibi. Lakini limepanda kidogo. Vifundo viko nje."

"Ah," alisema Bibi.

*Theluji, theluji, ningoje kidogo.*
*Naja kwa miguu, nayo ni midogo.*

Siku iliyofuata jua likatoka tena. Kuku wakatafuta kivuli mapema, na ng'ombe akatoa ulimi.

"Aika, mjukuu wangu. Mlima umevaa nini leo?"

Aika alitamani kusema uongo. Lakini Bibi humwona mtu mwongo hata bila macho.

"Shuka limefika magotini, Bibi. Mbuzi ametoa pembe."

Aika akakimbia kumtafuta Baba. Alimkuta kando ya mfongo. Mfongo ni mfereji unaoleta maji kutoka juu mpaka kwenye migomba ya watu wote.

Wakati huu mfongo ulipaswa kuwa bado mkavu. Lakini maji yalikuwa yameanza kushuka, machafu, yamebeba majani. *Chwa, chwa, chwa.*

"Yamewahi," alisema Baba. "Theluji inayeyuka kabla ya wakati wake."

Hapo akapita Mzee Kileo, msimamizi wa mfongo, na filimbi yake mdomoni. *Fiii. Fiii.*

"Msaragambo kesho," alisema Mzee Kileo. "Kila nyumba itoe mtu na jembe. Maji yamekuja na sisi bado hatujasafisha. Yakizibwa na matope, yatabomoa kingo na kumwagika kwenye kahawa za watu."

Msaragambo ni kazi ya kijiji kizima. Hakuna nyumba inayokosa, hata iwe na harusi.

Jioni, Baba alikaa jikoni akahesabu kwa vidole. "Kesho mfongo. Keshokutwa mfongo. Jumamosi Mlima. Mpango ni uleule."

"Baba," alisema Aika, "theluji haiijui Jumamosi."

Mama aligeuza ndizi kwenye chungu. Bibi alikuwa kwenye kona yake, akinywa chai.

"Itakuwa imekwisha," alisema Aika.

Baba akashusha pumzi. "Basi mwanangu, itabidi iwe mwaka ujao."

Eh. Mmemsikia?

Kikombe cha Bibi kikasimama njiani, hakikufika mdomoni. Jikoni moto tu ndio uliosema, *pwa, pwa.*

Baba akamtazama mama yake. Akayasikia maneno yake mwenyewe, akaona haya.

Mama akafunika chungu. "Baba Aika," alisema, "lile jembe lako liko wapi?"

"La nini?"

"Kesho mfongoni nitakwenda mimi. Mfongo hauulizi jembe limeshikwa na nani. Ninyi nendeni Mlimani."

"Mama Aika, pale kuna matope mpaka hapa," alisema Baba, akagusa paja lake.

"Nimezaa, nimelima, nimeolewa na wewe," alisema Mama. "Matope yatanifanya nini?"

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Baba akajikuna kichwa, na hapo mpango ukabadilika.

Lakini Baba hakucheka. Alichuchumaa mbele ya Aika.

"Sikiliza vizuri. Theluji ikiyeyuka, mto unajaa. Asubuhi ni mpole, mchana ni mkali. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Kivuli chako kikijificha chini ya miguu yako, tunarudi. Tuwe tumeipata, tuwe hatujaipata. Sema."

Aika hakupenda kusema. Lakini alisema. "Tunarudi."

Alfajiri, jogoo bado ana usingizi, Aika alikuwa ameshaamka. Alichukua chupa ya chai ya Mama, ile ya maua mekundu.

Kila siku Mama huipasha moto chupa kabla ya kutia chai. Hutia maji yaliyochemka, huifunga, huyaacha humo, halafu huyamwaga. Husema, "Chupa isiyopashwa moto haina heshima."

Aika ni mtoto mwenye adabu. Akatia maji yaliyochemka, akafunga vizuri, akaiweka kwenye kikapu chake cha mgongoni.

Nyamazeni. Najua mnachotaka kusema. Aika bado hajui.

Bibi alikuwa mlangoni, amejifunga blanketi. "Nenda, mjukuu wangu," alisema. "Uangalie unapokanyaga."

Wakapanda. Baba mbele, Aika nyuma.

Msitu ulikuwa na giza na umande. *Kwachu, kwachu,* viatu vya Aika vililia kwenye matope.

Wakafika mtoni. Mawe ya kuvukia yalikuwa yametoa migongo yao nje ya maji, na mto ulisema taratibu, *shwaa, shwaa.*

Baba alimshika mkono. Jiwe, jiwe, jiwe, wakavuka.

Baba akageuka akautazama mto. "Tutakukuta," aliuambia. Aika hakupenda alivyosema.

Wakapanda tena. Miti ikawa mifupi, kisha ikaisha. Yakabaki majani makavu, mawe, na upepo.

Jua likatoka. Kivuli cha Aika kilikuwa kirefu, chenye miguu kama ya korongo.

*Theluji, theluji, ningoje kidogo.*
*Naja kwa miguu, nayo ni midogo.*

Walipanda. Kivuli kikafupika.

Walipanda. Aika aliumwa kifuani na miguuni, lakini hakusema, kwa sababu aliogopa Baba atasema warudi.

"Unaumwa?" aliuliza Baba.

"Kidogo."

"Basi tembea polepole. Mlimani mwenye haraka hukaa chini kabla ya wenzake."

Mwisho wakaziona pembe. Jiwe la Mbuzi lilikuwa mbele yao, kubwa kuliko nyumba.

Lilikuwa jeusi. Jeusi kotekote.

Theluji haikuwepo.

Aika alisimama. Alikuwa ametembea tangu gizani, na mbele yake kulikuwa na jiwe lililolowa tu.

"Imekwenda," alisema Aika, na machozi yakatoka. "Nimechelewa, Baba. Bibi ananingoja na mimi nimechelewa."

Baba hakusema usilie. Alimshika bega, wakasimama pamoja.

Na katika kule kusimama, Aika akasikia kitu. *To. To. To.*

Akafuta pua. *To. To. To.* Maji yalikuwa yanadondoka mahali fulani.

Aika akafuata sauti. Akazunguka tumbo la jiwe, akafika mgongoni, mahali ambapo jua lilikuwa bado halijafika.

Pale kwenye kivuli, chini ya jiwe, kulikuwa na theluji. Ilikuwa ndogo, inatosha ungo mmoja.

Aika akapiga magoti. Akaigusa kwa kidole kimoja, kisha kwa mkono mzima.

"Inauma," alisema. Akacheka na huku bado analia. "Baba, inauma kama maji ya kisima, halafu inazidi."

"Jaza upesi," alisema Baba. Alikuwa amekwenda ukingoni kuutazama mto kule chini. "Jua linazunguka."

Aika akatoa chupa. Akamwaga yale maji ya alfajiri, na mvuke ukatoka, *fuuu.*

Ndiyo. Mvuke. Nyamazeni.

Akakusanya theluji kwa mikono miwili. Akaitia, akaishindilia, akafunga. Chupa ikajaa mpaka shingoni.

Akaitikisa kidogo asikilize. *Kacha, kacha.* Ilikuwa theluji.

Akaitikisa tena. *Kacha, chwa.*

Akaitikisa tena. *Chwa, chwa, chwa.*

Aika akafungua. Ndani kulikuwa na maji tu, maji ya uvuguvugu.

"Baba," aliita Aika. "Baba, chupa imeila."

Baba akaja mbio. Akachungulia, akatia kidole, akaguna. "Uliipasha moto?"

"Kama Mama," alisema Aika. "Mama huipasha."

Baba akafunga macho kidogo. Hakugomba. Alitazama theluji iliyobaki, na haikujaa hata sahani.

Na jua lilikuwa limeanza kuchungulia ukingoni mwa jiwe. Mstari wa mwanga ulitambaa kwenye mchanga kuelekea kwenye ile sahani nyeupe.

Aika akatazama miguu yake. Kivuli chake kilikuwa kifupi kama cha kuku.

*To, to, to,* ilisema theluji. Ilikuwa inasema haraka sasa.

Aika alitaka kulia tena. Lakini kulia kunachukua muda, na muda haukuwepo.

Akaishika chupa akafikiri. Mama huipa moto, nayo hushika moto. Haichagui, hushika inachopewa.

"Baba," alisema Aika, "je, tukiipa baridi?"

Baba akamtazama. Kisha akavua koti lake kubwa akasimama kati ya jua na theluji, amelitanua kwa mikono miwili.

"Mimi ni mwavuli," alisema Baba. "Fanya."

Aika akaiweka chupa pale maji yalipodondoka. Maji ya theluji yakaingia, akasukasuka, akamwaga. Akasuuza tena. Akasuuza tena.

Vidole vyake vikawa vyekundu. Kisha vikafa ganzi. Akasuuza tena.

"Upesi, mwanangu," alisema Baba. "Mwavuli umechoka."

Aika akaikusanya theluji yote iliyobaki. Akaitia, akaishindilia, akafunga. Haikujaa, ilifika katikati.

Akaitikisa.

*Kacha, kacha.*

Akangoja. Akaitikisa tena.

*Kacha, kacha.*

Baba akashusha koti. Jua likaanguka pale chini, na pale chini hapakuwa na kitu cha kuyeyusha.

Aika akatazama miguu yake. Kivuli kilikuwa kimejificha.

"Tunarudi," alisema Aika, kabla Baba hajasema.

Wakashuka. Majani makavu, mawe, upepo. Kisha miti mifupi, kisha miti mirefu.

*Kacha, kacha,* ilisema chupa mgongoni.

Kabla ya kuufikia mto, waliusikia. Haukusema shwaa. Ulinguruma, *GHUUU.*

Maji yalikuwa ya kahawia. Mawe ya kuvukia hayakuonekana, hata moja.

Ng'ambo ile palikuwa na njia ya nyumbani. Aika aliiona kabisa, na ile mizizi ambayo aliikanyaga asubuhi.

"Tuvuke haraka, Baba. Unibebe."

Baba akaokota gogo dogo, akalitupa majini. Mto ukalimeza, na hawakuliona tena.

"Hapa hatuvuki," alisema Baba.

"Lakini theluji itaisha."

"Naijua theluji. Nakujua na wewe. Hapa hatuvuki."

Aika akautazama mto. Akafikiria lile gogo lilivyokwenda, na Bibi alivyosema uangalie unapokanyaga.

Akauliza, "Kuna njia nyingine?"

"Kuna daraja la miti kule chini, wanapopita wakata majani ya ng'ombe. Ni mbali. Tutazunguka."

"Basi tuzunguke," alisema Aika. Ilimuuma, lakini alisema.

Wakazunguka. Msitu ulikuwa mrefu, na njia ilipinda, ikapinda, ikapinda tena.

*Kacha, kacha,* ilisema chupa.

Aika akaivua kanga aliyofungwa shingoni, akaizungushia chupa. Baba akaongeza koti lake juu. Sasa chupa ilikuwa nene kama mtoto wa Mlima.

Wakafika kwenye daraja. Liliteleza. Baba alikwenda kinyumenyume, amemshika Aika mikono yote miwili.

"Nitazame mimi," alisema Baba. "Usitazame maji."

Aika akamtazama Baba. Jasho lilikuwa linamtiririka puani, na hakulifuta. Hatua kwa hatua, wakavuka.

*Kacha, chwa,* ilisema chupa.

Aika akaisikia. "Baba, imeanza kulia."

"Tembea."

Wakatembea. Jua likawa la rangi ya embe bivu kati ya miti.

*Theluji, theluji, ningoje kidogo.*
*Naja kwa miguu, nayo ni midogo.*

*Chwa, kacha. Chwa, chwa.*

Migomba ikatokea. Bati jekundu likatokea. Moshi wa jikoni ukatokea.

*Chwa, chwa, chwa.*

Aika akaacha kuisikiliza chupa. Hakutaka kujua.

Bibi alikuwa mlangoni kwenye kigoda, vilevile walivyomwacha. Mama alikuwa ameketi chini, amepakaa matope mpaka kwenye nyusi.

"Mzee Kileo ameniambia nichukue jembe moja kwa moja," Mama alimwambia Baba. "Amesema wewe ubaki na wageni wako."

Lakini alipouona uso wa Aika, Mama akaacha utani.

"Bibi," alisema Aika. "Nilipasha moto chupa. Theluji nyingi ikayeyuka. Halafu mto ulijaa, tukazunguka. Sijui kama kuna kitu humu."

"Wewe umerudi?" aliuliza Bibi.

"Nimerudi."

"Basi kitu cha kwanza kimefika. Fungua tuone cha pili."

Aika akalivua koti. Akaivua kanga. Akazungusha kifuniko, *kri, kri, kri.*

Hakuna aliyepumua. Hata kuku walisimama.

Aika akainamisha chupa juu ya kiganja cha Bibi. Maji yakatoka, mengi, ya baridi, yakapita katikati ya vidole yakaenda chini.

Maji. Maji. Maji.

Halafu, *tap.*

Kitu kidogo kikaanguka kwenye kiganja. Kilikuwa cheupe, kikubwa kama harage.

Bibi akashtuka. Vidole vyake vikajifunga polepole.

Alikishika kifuani kama mtu aliyeshika kifaranga, na macho yake yenye ukungu yakajaa machozi.

"Bibi, inauma?" aliuliza Aika.

"Inauma," alisema Bibi. "Inauma vizuri."

Akageuza uso wake upande ule wa Mlima, ambao haukuonekana. Akasema taratibu:

"Mama aliniambia mwaka ujao. Kumbe mwaka ujao wenyewe ndio huu."

Baba akaenda nyuma ya nyumba kukata kuni. Kuni zilikuwepo tele, lakini alikwenda.

Bibi akafungua kiganja. Kile kitu cheupe kilikuwa kimekwisha, limebaki tone. Akalipaka kwenye shavu la Aika.

"Na wewe uishike," alisema.

Maji yaliyobaki kwenye chupa waliyanywa wote wanne, kila mtu funda moja. Mama alisema hakuna chai iliyowahi kuyashinda maji yale kwa ladha, na matope yalimpasuka usoni kwa kucheka.

Wakala ndizi. Wakanawa. Aika akasinzia na tonge mkononi.

Usiku ule alilala na Bibi, kwenye kitanda cha Bibi, chini ya blanketi zito. Mkono wa Bibi ulikuwa bado una baridi kidogo.

Huko nje mfongo uliosafishwa ulipita kando ya nyumba ukienda kwenye migomba. *Chwa, chwa, chwa.*

"Bibi," alinong'ona Aika, na macho hayafunguki. "Mlima umevaa nini sasa hivi?"

Kila siku Bibi ndiye aliyeuliza. Leo aliulizwa yeye, na alijibu bila kusita.

"Umevaa kofia, mjukuu wangu. Kofia nyeupe. Na umevuta blanketi la mawingu mpaka kidevuni."

"Umejuaje?"

"Nimeushika," alisema Bibi.

Aika akatabasamu. Bibi akamfunika bega, akamwimbia kwa sauti ndogo:

*Theluji, theluji, nenda polepole.*
*Bibi amekushika, Aika alale.*

Na Aika akalala.

Haya, na ninyi mkalale. Miguu yenu imetembea sana.